Tone Lililobaki Mfupani

Mambo yalibadilika siku ya Alhamisi, siku ya tisa tangu mwezi wa mavuno kuandama, saa tatu ya asubuhi, ng'ombe wakiwa wametoka kunywa maji na umande haujakauka vizuri kwenye mabua ya mtama. Wakati huo hapakuwa na saa za ukutani. Waliokuwapo waliupima muda kwa kivuli cha mlango, na kivuli cha mlango hakina sababu ya kusema uongo.

Kabla ya saa hiyo, mwili wa mtu haukuwa na kumbukumbu. Kichwa kilikumbuka, ndiyo. Mtu alijua jina la mama yake na njia ya kwenda shambani. Lakini mwili wenyewe, nyama na damu na mifupa, ulisahau kila kilichoupata. Mifupa ilikuwa mitupu ndani kama matete. Ugonjwa uliingia, ukakaa, ukaondoka, na uliporudi ulipokewa kama mgeni ambaye hajawahi kuonekana.

Aliyeipenda tabia hiyo kuliko magonjwa yote ni Surua. Alitembea kijiji kwa kijiji baada ya mavuno, wakati watu wanapotembeleana na maghala yamejaa. Alibisha hodi kwenye macho na kwenye pua, na mwili, kwa kuwa ni mwungwana, ulimkaribisha. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Surua haikuwa hivyo. Yeye alikuja, na mwenyeji akawa wa kuombewa. Macho yaligeuka mekundu, kikohozi kikakamata kifua, na vipele vikaanzia nyuma ya masikio na kushuka mwili mzima kama uwele uliomwagika mkekani. Wengine waliinuka. Wengine hawakuinuka. Na walioinuka hawakuwa wamepata faida yoyote, maana mwaka uliofuata Surua aliwarudia walewale, na kazi ikaanza upya.

Katika kijiji cha Mwahula aliishi mwanamke jina lake Mbuke, mjane, na kazi yake ilikuwa kuosha waliopona.

Hiyo ilikuwa desturi ya Mwahula, na watu wake waliipenda sana. Vipele vikishakauka, mgonjwa alipelekwa kwenye chemchemi ya maji ya vuguvugu iliyotoka chini ya jabali, nyuma ya mazizi. Hapo aliogeshwa kwa kata tatu. Kata ya kwanza ilimwagwa kichwani. Ya pili ilimwagwa mwilini, akasuguliwa kwa majivu na majani machungu. Kata ya tatu aliinywa. Maji yale, Mungu ndiye ajuaye alivyoyaumba, yalishuka mpaka mifupani na kuisuuza, kama mtu anavyosuuza kibuyu, mpaka pasibaki hata harufu ya kilichokuwamo. Kisha wanawake walipiga vigelegele wakisema huyu ni mpya, huyu ni mpya. Mkeka wake ulichomwa, na jina la Surua halikutajwa tena mpaka mavuno mengine.

Mbuke alikuwa na mkono mwepesi. Watoto hawakulia mbele yake. Alijua kumfunika mtoto macho kwa kiganja ili majivu yasimwingie, na alijua kuimba polepole mpaka kata ya tatu imalizike. Mama waliomletea watoto wao walirudi nyumbani mioyo imetulia. Alimwosha mtoto wake wa kwanza, Minza, akatoka mpya, akang'aa. Mwaka uliofuata Surua akarudi, na Minza hakuinuka. Alimwosha wa pili, Kwangu, mara mbili katika miaka miwili, na mwaka wa tatu Kwangu naye akafa, katika wiki ileile aliyokufa baba yake. Mbuke aliendelea kuosha watoto wa watu. Hakuna aliyejua kosa liko wapi, naye hakujua. Mikono yake ilikuwa na upendo mwingi na haikuwa na mahali pengine pa kuuweka.

Akabaki na Holo, msichana wa miaka saba, na mama mkwe wake, Nkamba.

Nkamba alikuwa bibi mfupi, mwenye meno machache na maneno mengi. Alimwita Holo mke mwenzangu, kama bibi wa huko wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na walikuwa na kesi isiyokwisha juu ya nani atakayempikia marehemu babu watakapokutana naye. Holo alidai yeye ndiye mke mdogo, kwa hiyo anapendwa zaidi. Nkamba alijibu kuwa mke mdogo asiyejua kusonga ugali atarudishwa kwao asubuhi ya kwanza.

Lakini utani wake mkubwa alimwekea Mbuke, kwa ajili ya vibuyu.

Mbuke alikuwa msafi, na usafi wake ulijulikana hadi vijiji vya jirani. Kibuyu cha maziwa kikishakuwa kitupu, alikisugua kwa ufagio mdogo wa nyasi ngumu, akakisuuza mara tatu, akakifukiza kwa kijinga cha moto, kisha akakisuuza tena. Akimimina maziwa mapya, yalikaa siku mbili, siku ya tatu yakaoza. Hayakuganda. Nkamba yeye kibuyu chake alikisuuza nusu nusu. Chini aliacha mgando wa jana, kijiko kimoja au viwili, akamwagia maziwa mabichi juu yake. Kesho yake asubuhi yalikuwa yameganda, mazito, yenye uchachu mzuri, na majirani walituma watu na vikombe.

Mbuke alisema huo ni uchafu. Nkamba alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu," alimwambia, "maziwa mapya hayajui kitu. Ni yale ya jana yanayoyafundisha. Kibuyu chako kila siku unakizaa upya, kitapata wapi akili?"

Mbuke, kwa heshima, akaendelea kusugua.

Mwaka ule Surua alifika mapema. Alimkuta Holo anapeta uwele uani, akamwingia. Siku nne mtoto hakufungua macho. Nkamba alikataa kumwacha. Alilala naye mkeka mmoja, akamlisha mgando kwa kidole, akamsimulia jinsi babu yake alivyowahi kufukuzwa na fahali wa jirani mpaka juu ya mti akiwa amevaa nguo ya mkewe. Mbuke alimsihi ajitenge. Nkamba alijibu kuwa wake wenza hawatengani.

Holo akaanza kupata nafuu. Nkamba akaanza kukohoa.

Surua akiingia kwa mzee hana huruma. Siku ya Jumanne, jua likiwa limesimama, Nkamba alimwita Mbuke. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini akili ilikuwa kamili. Alimwambia amekuwa akifikiri mle ndani gizani, kwa kuwa hana kazi nyingine. Alimkumbusha Minza. Alimkumbusha Kwangu. Alitaja majina hayo taratibu, kama mtu anayepita na mayai mikononi. Kisha akamuuliza: wale watoto walipooshwa, mifupa yao ilibaki na nini?

Mbuke akasema haikubaki na kitu. Ilikuwa safi.

"Kama vibuyu vyako," Nkamba akasema.

 Nkamba akamshika mkono, ule mkono mwepesi, akaupapasa kidole kimoja kimoja.

"Sikulaumu, mwanangu. Sote tulipiga vigelegele. Hata mimi nilipiga. Lakini huyu mke mwenzangu, ukimpeleka kwenye maji, mbakizie. Tone tu. Surua akirudi amkute mtu ndani anayemjua."

Jumatano asubuhi Nkamba alifariki. Walimzika alasiri, kando ya mwanawe, na Holo alikuwa bado hawezi kusimama, akaangalia mazishi ya bibi yake kutoka mlangoni.

Kesho yake ndiyo ile Alhamisi.

Asubuhi alikuja mzee Gindu, ndugu wa ukoo wa marehemu mume wa Mbuke, aliyekuwa msimamizi wa chemchemi. Alimpa shemeji yake pole tena, kisha akasema vipele vya mtoto vimekauka na siku haingoji. Aliongeza kuwa baada ya msiba kama huu ni vizuri kijiji kione jambo la furaha. Gindu hakuwa mtu mbaya. Alipenda mambo yaende kama yalivyokwenda wakati wa baba yake.

Mbuke alimbeba Holo mgongoni hadi kwenye chemchemi. Watu wengi walikuwa wamekuja. Alimkalisha juu ya jiwe, akamfunika macho kwa kiganja, akamwaga kata ya kwanza. Akamwaga ya pili, akamsugua kwa majivu na majani machungu, mgongo, mikono, na nyuma ya masikio pale vipele vilipoanzia. Akaimba kama siku zote. Kisha akateka kata ya tatu.

Hapo wimbo ukakatika.

Maji yalikuwa yanatoa mvuke mwembamba. Mbuke aliyatazama, akaona jinsi yalivyo maangavu, na kwa mara ya kwanza uangavu ule ukamtia hofu. Aliwaona Minza na Kwangu wameketi juu ya jiwe lilelile, vinywa wazi, wakinywa kwa kumwamini. Alijua kwamba asipomnywesha huyu, na Surua akirudi akamchukua, kijiji kizima kitasema mama yake ndiye aliyemuua. Alijua pia kwamba akimnywesha, mambo yatakuwa kama yalivyokuwa, na hakuna atakayemlaumu, isipokuwa yeye mwenyewe.

Alimwomba Mungu kimya. Hakuomba mengi. Alisema: Wewe ndiwe uliyeumba mifupa ikawa na nafasi ndani, bila shaka hukuiachia nafasi bure.

Kisha akaigeuza kata, akayamwaga maji mchangani.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Gindu akasogea, akamwambia kwa upole kwamba amesahau, na kwamba si ajabu, ana msiba.

"Sikusahau, shemeji," Mbuke akasema. "Nimekumbuka."

Akambeba mtoto wake wakarudi nyumbani. Na kivuli cha mlango, walipofika, kilikuwa kimetoka kidogo tu kwenye alama ya saa tatu.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu. Holo hakuwa mpya, na watu walijua. Akina mama waliwaita watoto wao ndani alipopita. Wenzake wakamwita kikongwe, kwa kuwa alikuwa amebeba ya zamani. Holo aliwajibu kwamba ni kweli, yeye ni mke wa babu, wampe kigoda. Wakacheka, na waliocheka wakasahau kukimbia. Lakini mama yake hakucheka. Kila asubuhi alimgusa paji la uso. Hakuna tena aliyemletea mtoto wa kuosha. Gindu alimpa kazi hiyo mwanamke mwingine, ambaye watoto walilia mbele yake.

Jambo moja tu lilibadilika nyumbani. Mbuke alikichukua kibuyu cha Nkamba, kile kisichosuuzwa vizuri, akakuta chini mgando wa siku ile ya mwisho umekauka ukawa kama ganda. Alimwagia maziwa juu yake bila matumaini. Kesho yake yalikuwa yameganda. Akakaa chini, akalia, akanywa.

Mavuno yakaja, na Surua nyuma yake. Aliingia Mwahula upande wa magharibi, nyumba kwa nyumba, akipokelewa vizuri kote. Siku ya tatu, jua la saa nne, alifika kwa Mbuke, akamkuta Holo uani, akabisha hodi kwenye macho yake kama alivyozoea.

Mbuke aliona macho ya mtoto yakilengwalengwa na machozi. Akamgusa paji la uso, akahisi joto. Akaketi naye mlangoni, akamweka kichwa mapajani, maana hakuwa na la kufanya tena isipokuwa kungoja.

Surua aliingia ndani, akatafuta mkeka. Mkeka haukutandikwa. Akatafuta maji ya mgeni. Hakupewa. Basi akasikia sauti kutoka ndani kabisa, kutoka kwenye uwazi wa mfupa ambao miaka yote ulikuwa mtupu. Lile tone lilikuwa limekaa huko mwaka mzima, dogo, halifanyi kelele, kama bibi aliyeketi pembeni ya jiko ambaye wageni hudhani amelala.

"Ni wewe, Surua," sauti ikasema. "Mwaka jana ulikaa hapa siku tisa. Ulianzia nyuma ya masikio. Uliondoka na bibi yetu. Usiniambie wewe ni mgeni."

Tangu aanze kutembea duniani, Surua hakuwahi kuitwa kwa jina lake ndani ya nyumba ya mtu. Alishikwa na bumbuwazi. Na alipokuwa bado amesimama, sauti ikaita mwili mzima, ikawaeleza wote huyu ni nani, anaingilia wapi na anajificha wapi, na nyama na damu zikainuka kama maziwa mabichi yaliyofundishwa na ya jana. Surua hakungoja kusindikizwa.

Kivuli cha mlango hakikuwa kimefika katikati Holo aliponyanyua kichwa, akapangusa macho, akamwambia mama yake kwamba ana njaa. Mbuke alimmiminia maziwa mgando. Mtoto alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine.

Siku zilizofuata, nyumba nyingi za Mwahula zilikuwa na wagonjwa, na hapakuwa na wa kuwatekea maji kwa kuwa waliobaki wazima waliogopa. Holo ndiye aliyekwenda. Aliingia kwa walewale waliomwita kikongwe, akawapelekea uji, akawapangusa macho, na Surua alipomwona mlangoni aligeuza uso pembeni. Kijiji kikaona.

Vipele vilipokauka, mzee Gindu alikuja kwa Mbuke amembeba mjukuu wake mwenyewe. Alisimama uani, hakukaa. 

"Shemeji," akasema, "mwoshe huyu wewe. Kwa mwenzako watoto wanalia." Kisha akainamisha kichwa. "Ila umbakizie."

Mbuke akamwosha kwa kata mbili. Na chemchemi ile, ilipoona kata ya tatu haitekwi tena, ilipungua mwaka hadi mwaka, mpaka ikakauka. Hata leo jabali lipo, lakini maji ya kuosha mifupa hayapo. Maji ya siku hizi yanaosha ngozi, na ni vizuri mgonjwa aogeshwe kila siku. Hayafiki huko ndani.

Na tangu siku hiyo mifupa si mitupu. Ina uboho, na ndani ya uboho limekaa tone la kumbukumbu. Ndiyo maana mtu akishaugua surua mara moja akainuka, haugui tena, hata akiishi miaka tisini, hata akisahau majina ya wajukuu wake. Kichwa huzeeka na kusahau, lakini lile tone halisahau. Ndiyo maana aliyewahi kuugua ndiye anayetangulia kuingia chumba cha mgonjwa. Ndiyo maana pia watoto wetu hupelekwa kliniki kuchanjwa: wanawekewa kibuyuni kijiko cha mgando kabla mgeni hajafika, ili maziwa mapya yasikae bila mwalimu. Mafua alipopata habari hizi aliogopa, akaanza kubadili nguo kila msimu ili asitambuliwe, na mpaka leo tunampokea kwa makamasi yake yaleyale katika nguo nyingine. Naye Surua hakusamehe. Akiingia nyumba isiyomjua, kabla ya kutoka hufagia na kuzifuta kumbukumbu za magonjwa mengine zilizowekwa humo, kwa kijicho. Kwa hiyo asipewe nafasi ya kuingia.

Na akina mama wa Mwahula, mpaka leo, hawasuuzi kibuyu cha maziwa hadi mwisho. Chini huacha kidogo. Mgeni akiuliza, husema hiyo ni sehemu ya Nkamba.

Ee Mwenyezi Mungu, uliyeumba mfupa ukaacha nafasi ndani yake, mrehemu Nkamba, aliyelala mkeka mmoja na mgonjwa. Warehemu Minza na Kwangu, waliooshwa kwa mapenzi na watu wasiojua. Mrehemu na huyu msimulizi wetu tuliyemzika juzi, ambaye viganja vyake vilinukia maziwa mgando mpaka saa ya mwisho, na ambaye hadithi hii ilikuwa yake kabla haijawa yetu. Umlaze mahali pema. Nasi tuliobaki, siku zitakapotusuuza, utubakizie tone lake. Amina.